Lawrence Bragg na kipande cha ulanga: mtu aliyetufundisha kuona ndani ya mawe

Ukipita kwenye korongo baada ya mvua, mara nyingi utaona mchanga unameta. Watoto huziokota chembe zile wakidhani ni fedha au dhahabu. Si fedha wala dhahabu. Ni ulanga, madini ambayo wengine huyaita maika. Ukipata kipande kikubwa unaweza kukibandua kwa ukucha, ganda baada ya ganda, kama kurasa za daftari. Katika milima ya Uluguru, Morogoro, ulanga ulichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Na fundi aliyewahi kufungua pasi ya umeme ya zamani anaujua: ni lile ganda gumu linalong'aa, lililozungushiwa waya unaopata moto.

Kwa nini ulanga hubanduka hivyo? Kwa nini ulanga wa aina moja huvumilia moto kuliko mwingine? Na kwa nini maji ya baadhi ya visima vya Bonde la Ufa huwatia watoto meno ya kahawia? Ukiyasikia maswali haya matatu utadhani hayahusiani. Lakini njia ya kuyajibu yote ilifunguliwa na mtu mmoja, William Lawrence Bragg, mwanafizikia aliyezaliwa Australia mwaka 1890 na kufariki Uingereza mwaka 1971. Leo, ndugu msikilizaji, tunakuletea maisha yake.

Mkono uliovunjika

Bragg alizaliwa tarehe 31 Machi 1890 katika mji wa Adelaide. Baba yake, William Henry Bragg, alikuwa profesa wa hisabati na fizikia katika chuo kikuu cha mji huo. Mtoto akiwa ndiyo kwanza ameanza shule, alikuwa akiendesha baiskeli yake ya magurudumu matatu, mdogo wake Robert akamrukia. Alianguka na kuvunjika kiwiko cha mkono wa kushoto.

Wakati huo habari za miale ya eksirei zilikuwa mpya kabisa. Mjerumani Wilhelm Röntgen aliigundua mwishoni mwa mwaka 1895. Baba Bragg alikuwa tayari anaijaribu kwa vifaa vyake, akaitumia kupiga picha kiwiko cha mwanawe. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa za eksirei kutumika kwa tiba nchini Australia. Mkono ulipona, ila ulibaki mfupi kidogo kuliko wa kulia.

Shuleni Bragg alikuwa mbele ya umri wake. Aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 15 tu, akisoma na watu waliomzidi umri, kwa hiyo hakuwa na marafiki wengi. Burudani yake ilikuwa kuokota makombe ya baharini. Katika kuokota huko alipata gamba la mnyama wa jamii ya ngisi ambaye hakuwa amejulikana na wataalamu, na mnyama huyo akapewa jina la familia yake, Sepia braggi. Mwaka 1909 familia ilihamia Uingereza. Baba akapata kazi Leeds, na kijana akaendelea na masomo Cambridge.

Wazo lililokuja akitembea

Mwaka 1912, huko Munich, Ujerumani, Max Laue na wenzake walipitisha miale ya eksirei kwenye fuwele. Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia, kama punje za chumvi ya mawe au sukari. Upande wa pili, kwenye bamba la picha, yakatokea madoa yaliyojipanga vizuri. Wote waliona kuwa jambo kubwa limetokea, lakini hakuna aliyeweza kuyasoma madoa yale kwa urahisi.

Baba Bragg wakati huo aliamini kwamba eksirei ni chembe, si mawimbi. Mwana alianza kwa kumtetea baba yake. Alipoyachunguza madoa zaidi, akaona ushahidi unakataa. Vuli ya mwaka huo, akitembea kwenye bustani za kando ya mto Cam, alipata jibu. Alikuwa na miaka 22.

Fikiria umepanda basi linalopita kando ya shamba la mkonge. Kwa muda unaona majani matupu yaliyochanganyikana. Mara basi linafika mahali fulani na mistari inafunguka, unaona hadi mwisho wa shamba. Mbele kidogo inafunguka mistari mingine, ya mshazari. Mimea ni ileile, kilichobadilika ni pembe unayotazamia. Bragg aliona kuwa atomi ndani ya fuwele zimejipanga hivyo, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka hurudisha sehemu ndogo ya miale, kama kioo hafifu. Kwa pembe nyingi, mawimbi yanayorudi kutoka tabaka mbalimbali huvurugana na kufutana. Kwa pembe chache maalumu huungana na kuwa na nguvu, na hapo ndipo doa hutokea. Ukiijua pembe na urefu wa wimbi, unapata umbali kati ya tabaka na tabaka. Kanuni hiyo ni fupi kiasi cha kuandikwa kwenye kiganja, na mpaka leo inaitwa Sheria ya Bragg. Ilisomwa mbele ya wanasayansi wa Cambridge tarehe 11 Novemba 1912.

Lakini kanuni inahitaji ushahidi. Mwalimu wake mmoja, C.T.R. Wilson, alimpa wazo: kama kweli tabaka za atomi hurudisha miale kama kioo, jaribu fuwele inayobanduka kwa uso laini kabisa. Bragg akachukua kipande cha ulanga chenye unene wa milimita 1 hivi na kukielekezea miale. Baada ya dakika chache tu bamba la picha likaonyesha doa, pale pale ambapo kioo kingeipeleka nuru. Alikigeuza kile kipande, na doa likahama pamoja nacho. Matokeo hayo yalichapishwa Desemba 1912. Kwa hiyo ulanga, ambao kwetu watoto huuchezea, ndio uliomthibitishia kuwa yuko sahihi.

Tuzo wakati wa vita

Baba alikubali ushahidi, akatengeneza chombo cha kupima miale hiyo, na wawili hao wakafanya kazi pamoja. Mwaka 1913 Bragg kijana alionyesha mpangilio wa atomi ndani ya chumvi ya kawaida. Wakemia walikuwa wamezoea kufikiri kwamba ndani ya chumvi kila atomi ya sodiamu imeshikana na klorini yake, wawili wawili. Bragg alionyesha kwamba hakuna jozi. Kila sodiamu imezungukwa na klorini 6, na kila klorini imezungukwa na sodiamu 6, kama ubao wa drafti uliojengwa kwenda juu. Baadhi ya wakemia walilipinga wazo hilo kwa miaka mingi.

Mwaka uliofuata alichambua madini kadhaa, yakiwamo yale yanayotokana na kalisi na florini tu. Tuyaweke akilini, maana tutayarudia tukifika kisimani.

Vita Kuu ya Kwanza vilimtoa maabara. Jeshi la Uingereza lilimpeleka Ufaransa kutafuta namna ya kujua mizinga ya adui ilipojificha kwa kusikiliza milio yake. Walitega vipokea sauti sehemu mbalimbali, wakapima tofauti ndogo ya muda ambao mlio ulifika kila sehemu, kisha wakapiga hesabu ya mahali ulipotoka. Ni kazi iliyookoa maisha ya wengi. Yeye mwenyewe alipoteza: Septemba 1915 mdogo wake Robert, yule wa baiskeli, alikufa vitani Gallipoli, Uturuki.

Miezi miwili baadaye, Bragg akiwa karibu na mstari wa mbele, ilifika habari kwamba yeye na baba yake wamepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Alikuwa na miaka 25. Katika tuzo za sayansi, hadi leo hakuna aliyeipata akiwa mdogo kuliko yeye. Hata hivyo furaha yake ilikuwa na doa. Watu wengi walidhani wazo lilikuwa la baba na mwana alimsaidia tu. Baba alijitahidi kueleza ukweli, lakini sifa za mkubwa hufunika za mdogo, na jambo hilo lilimuuma Bragg kwa muda mrefu.

Nyumba ya ulanga

Mwaka 1919 alipewa uprofesa Manchester, akichukua nafasi ya Ernest Rutherford. Huko ndiko alikoyageukia mawe yenyewe: madini ya silika, yaani yale yanayojenga sehemu kubwa ya miamba, kuanzia mchanga na udongo wa mfinyanzi hadi ulanga. Wengi waliyakwepa kwa sababu yana atomi nyingi na mpangilio wake ni mgumu. Bragg na wenzake waliona kwamba ufunguo ni oksijeni. Atomi zake ni kubwa, hurundikana kama machungwa sokoni, na atomi ndogo za silikoni, alumini au magnesiamu huingia kwenye nafasi zilizo katikati ya machungwa hayo.

Si yeye aliyefika wa kwanza kila mahali. Mfaransa Charles Mauguin alionyesha mwaka 1928 kwamba katika ulanga, ukijumlisha oksijeni na florini, kwa kila fungu moja la atomi utapata 12 daima. Florini ikiongezeka, oksijeni hupungua kwa kiasi kilekile. Kwa maneno mengine, florini haijipenyezi tu popote. Inachukua kiti cha mwingine. Mwaka 1930 Mmarekani Linus Pauling alitangaza ramani ya ulanga, na mwaka huohuo watafiti wawili wa maabara ya Bragg, Jackson na West, wakatoa kazi yao juu ya ulanga mweupe. Kupitwa na Pauling kulimkera Bragg, na miaka hiyo alipata msongo mkubwa wa akili uliomlazimu kupumzika. Aliporudi aliyakusanya matunda ya kazi hiyo katika kitabu kuhusu atomi za madini kilichotoka mwaka 1937.

Hebu tuingie ndani ya nyumba hiyo. Kila ganda la ulanga lina tabaka tatu zilizoshikana imara. Ya juu na ya chini ni za silikoni na alumini, na ya katikati ina alumini, magnesiamu au chuma. Unene wake wote, pamoja na nafasi inayolitenga na ganda linalofuata, ni milioni moja ya milimita. Maana yake, kipande cha milimita 1 kama kile cha Bragg kina maganda yapatayo milioni moja. Kati ya ganda na ganda kuna atomi za potasiamu, nazo ndizo gundi. Gundi hiyo ni dhaifu kuliko ganda lenyewe, na ndiyo maana ulanga hubanduka pale pale.

Abiria mwenye mzigo na abiria asiye na mzigo

Sasa tukitazame kile kiti. Chini ya kila potasiamu, ndani ya ganda, kuna oksijeni iliyobeba hidrojeni. Katika ulanga mweusi na ule wa rangi ya asali, hidrojeni hiyo husimama wima, imeelekea kwenye potasiamu. Hidrojeni ina chaji chanya, potasiamu pia ina chaji chanya, na chaji za aina moja husukumana. Ni kama abiria wa daladala aliyebeba mzigo kichwani: mzigo unasukuma paa.

Florini ina ukubwa unaokaribia sana ule wa oksijeni yenye hidrojeni, kwa hiyo inaenea kwenye kiti kilekile. Tofauti yake ni kwamba haina hidrojeni. Abiria amekaa bila mzigo. Msukumo unaondoka, potasiamu inashuka, na maganda yanakaribiana. Upungufu huo haufikii hata sehemu 2 kati ya 100 za unene, lakini athari zake ni kubwa. Gundi hushika zaidi, na potasiamu hainyofolewi kirahisi na maji ya mvua. Tena, ulanga wenye hidrojeni ukichomwa sana hutoa mvuke wa maji na kuharibika. Ulanga uliojaa florini hauna hidrojeni ya kutengeneza maji, hivyo huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Viwanda hutengeneza ulanga wa namna hiyo makusudi, kwa ajili ya vifaa vya umeme, rangi na vipodozi.

Ulanga mweupe ni tofauti. Katika tabaka yake ya katikati kuna viti vitupu, na hidrojeni huinamia upande huo badala ya kuisukuma potasiamu. Kwa hiyo, florini ikiingia, mabadiliko si makubwa. Mkulima anaweza kuona matokeo yake shambani: ulanga mweusi huoza mapema na kuupa udongo potasiamu, kirutubisho kilekile kilichomo kwenye mbolea ya NPK. Ulanga mweupe hukaa mchangani muda mrefu sana ukimeta tu.

Hidrojeni ni nyepesi mno, na eksirei haiioni vizuri. Mwelekeo wake ulithibitishwa baadaye na watafiti wengine kwa njia nyingine. Ila walianzia kwenye ramani zilizochorwa kwa njia ya Bragg.

Kutoka mwambani hadi kwenye meno

Kubadilishana kiti huku ndiko kunakotufikisha kisimani. Katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, kuanzia Kenya hadi maeneo ya Meru na Arusha, florini imo katika madini mbalimbali, na ulanga ni mojawapo tu. Maji yakikaa muda mrefu kwenye mwamba huo huifuata. Maji yenye magadi yana wingi wa ile jozi ya oksijeni na hidrojeni, ambayo huingia kwenye kiti na kuitoa florini. Kalisi ingekuwepo ya kutosha, ingeikamata florini na kutengeneza yale madini ambayo Bragg aliyachambua mwaka 1914, ikatuama chini. Maji ya magadi mara nyingi yana kalisi kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki imeyeyuka. Huwezi kuiona, huwezi kuinusa.

Mwilini mchezo ni uleule. Jino na mfupa vimejengwa kwa madini yenye kiti kama hicho. Floraidi kidogo huliimarisha jino. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanajiunda ndani ya fizi, kabla hajafikisha takriban miaka 8, jino hutoka na madoa, na baadaye huwa la kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na hata kupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita.

Kwa hiyo meno hayo si uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki, na mtoto asichekwe. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki na kuongezeka ukali. Magadi ya kupikia nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi, hasa kwenye chakula cha watoto. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri huwa na kidogo sana. Katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, watafiti wamefanya kazi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa uliochomwa kitaalamu una vile viti, na floraidi ya maji huvikalia kabla haijafika kwenye mifupa yetu. Usijaribu kuuchoma nyumbani kwa kubahatisha, maana mfupa ulioungua vibaya huharibu harufu na ladha ya maji. Hatua ya kwanza kijijini ni kuomba mamlaka ya maji ipime kisima.

Mtunza bustani

Bragg aliongoza maabara ya Cavendish, Cambridge, kuanzia mwaka 1938. Humo, mwaka 1953, James Watson na Francis Crick walitambua umbo la DNA, chembe inayobeba urithi wa viumbe, wakitegemea pia picha za eksirei zilizopigwa London. Mwaka 1954 alihamia Royal Institution ya London, akaanzisha mihadhara ya sayansi kwa watoto wa shule. Maelfu walikwenda kumwona akifanya majaribio mbele yao, kwa maneno mepesi na vifaa vya kawaida.

Alipenda sana bustani, na makazi yake ya London hayakuwa nayo. Inasimuliwa kwamba alijipatia kibarua cha kutunza bustani ya mama mmoja, siku moja kwa wiki, bila kujitambulisha. Mama yule aliridhika na kazi ya mtunza bustani wake mpaka mgeni mmoja alipochungulia dirishani, akashangaa na kuuliza Sir Lawrence Bragg anafanya nini pale nje.

Alifariki tarehe 1 Julai 1971, akiwa na miaka 81. Mtaalamu anayetaka kujua madini yaliyomo kwenye mwamba wa kisima, awe Arusha au Nakuru, husaga jiwe, huliweka kwenye mashine ya eksirei na kusoma pembe zinazorudi, kisha hupiga hesabu kwa kanuni aliyoipata kijana wa miaka 22 akitembea kando ya mto.